Njia ya Baiskeli Ina Mwenyewe

Mei 2016, mabasi yaendayo haraka yalipoanza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni, Dar es Salaam ilipata pia kitu ambacho hakikupigiwa ngoma: njia ya baiskeli pembeni mwa Barabara ya Morogoro, iliyotengwa na magari na kujengwa kwa mkopo ambao mlipaji wake ni Mtanzania. Waendesha baiskeli wa jiji, kupitia umoja wao wa UWABA, walikuwa wamepigania njia salama kwa miaka mingi. Mwaka 2018 jiji lilipewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu, na viongozi wakapiga picha nayo.

Leo anayetoka Kimara kwa baiskeli kwenda Magomeni hupita njia hiyo vipande vipande. Hapa pikipiki zinakuja kinyume, pale pamepangwa meza ya chipsi, mbele kidogo gari limepandishwa ukingoni na dereva ameingia dukani. Mfuniko wa mtaro ukivunjika hukaa hivyo hivyo. Mwishowe mwendesha baiskeli huchoka, akashuka barabarani kati ya malori yaendayo bara, huku njia aliyojengewa ikiwa mita mbili kutoka alipo. Akigongwa huko, ataulizwa alifuata nini barabarani.

Hatuwezi kuiita hali hii bahati mbaya. Ni wajibu uliotelekezwa, na walioutelekeza wanajulikana kwa vyeo vyao. Wakala wa mabasi yaendayo haraka upo. TANROADS ina barabara kuu, TARURA ina mitaa ya mjini. Halmashauri za jiji na manispaa zina mamlaka juu ya biashara za pembezoni na maegesho. Kikosi cha Usalama Barabarani kina askari kila makutano makubwa. Manahodha wengi, chombo huenda mrama: ukiuliza nani anapaswa kuondoa gari lililozuia njia ya baiskeli Manzese, kila ofisi itakuonyesha mlango wa jirani. Tunaitaka Serikali iandike jina la taasisi moja kwa kila kipande cha njia, na taasisi hiyo iwajibike kwa usafi, ukarabati na kuzuia uvamizi. Pasipo jina, hakuna wa kuulizwa.

Jambo moja tuliseme kwa uangalifu. Mara nyingi agizo la kusafisha njia huishia kwa mama lishe na machinga, kwa kuwa meza yao hubebeka na sauti yao haifiki mbali. Gari la bosi huachwa. Huo si utekelezaji wa sheria. Mfanyabiashara mdogo apewe eneo lenye wateja, kisha aondoke njiani. Mwenye gari hana cha kusubiri, aliondoe leo. Mahali ambapo nguzo fupi za zege zingetosha kuzuia magari na pikipiki, zisimikwe, kwa sababu askari hawezi kusimama kila hatua mia.

Kuna dhana inayotembea katika ofisi zetu, wakati mwingine bila kusemwa, kwamba baiskeli ni ya asiyefanikiwa na kwamba maendeleo yatamtoa juu yake. Dhana hiyo imeua watu. Ndiyo inayomfanya mhandisi achore njia nne za magari, kisha kilichobaki akiite bega la barabara. Ndiyo inayomwona muuza samaki anayetoka Feri alfajiri na kapu nyuma kama kero ya foleni, ilhali yeye ndiye anayelisha mitaa ambayo lori haliingii. Mlinzi anayerudi Mbagala baada ya zamu ya usiku, kijana anayesambaza mikate Buguruni, mwanafunzi wa Tanga anayekwenda shule kwa baiskeli kama wazazi wake walivyokwenda: hawa wanachukua nafasi ndogo ya barabara, hawatoi moshi, na hawaiombi Hazina fedha za kigeni za kununulia mafuta. Nchi inayoagiza petroli na dizeli yake kutoka nje ingewashukuru.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa kwa ajali za barabarani mwaka 2021, na zaidi ya nusu yao walikuwa waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na watumiaji wa pikipiki. Tunaijua sura ya takwimu hiyo bila kuletewa ripoti. Wodi za mifupa za hospitali zetu zinaijua.

Tunasikia jibu: Ulaya wameweza kwa kuwa wana fedha na utamaduni wa baiskeli. Historia inasema vingine. Uholanzi ya miaka ya 1960 ilikuwa ikibomoa mitaa kupisha magari, na baiskeli zikipungua mwaka hadi mwaka. Mwaka 1971 zaidi ya watu 3,000 walikufa katika barabara za nchi ile ndogo, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi waliingia mitaani kudai mauaji hayo yakome; mgogoro wa mafuta wa 1973 ukaongeza shinikizo; serikali na miji ikabadilisha namna ya kuchora barabara, na kazi hiyo ikachukua miongo. Baiskeli zilirudi kwa sababu wenye mamlaka walilazimishwa kutimiza wajibu wao.

Sasa imekuja baiskeli ya umeme, nayo inaondoa visingizio vitatu vikubwa vya miji yetu: joto, vilima na mzigo. Tunayoizungumzia hapa si pikipiki. Ina pedali, na mota yake ndogo humsaidia anayekanyaga. Katika Umoja wa Ulaya mota hiyo haizidi wati 250, na msaada wake hukatika mwendo ukifika kilomita 25 kwa saa. Ikibaki ndani ya mipaka hiyo, sheria huihesabu kuwa baiskeli. Betri yake ya kawaida hujazwa kwa takriban nusu uniti ya umeme. Kwa mteja wa kawaida wa LUKU hiyo ni shilingi kama 200, na humfikisha mtu kilomita 40 au zaidi, kutegemea uzito na njia. Karani anayeishi Kimara anaweza kupanda mlima wa jioni bila shati kulowa. Mama mwenye mtoto nyuma na kikapu mbele hahitaji mapaja ya mwanariadha. Mwanza, ambako nyumba zimepandana juu ya mawe, na Bukoba yenye miinuko yake, ndiko chombo hiki kingesaidia zaidi kuliko hata Dar es Salaam. Umeme si hoja ya kukwamia: Bwawa la Julius Nyerere limejengwa kuzalisha megawati 2,115, na baiskeli ni mlaji mdogo kuliko pasi ya nyumbani.

Lakini chombo kizuri kikiingia bila sheria huwa balaa, na tumekwisha kuliona hilo kwa bodaboda, tulizoziacha zienee kwanza kisha tukaanza kutafuta namna ya kuzidhibiti. Sheria ya Usalama Barabarani tunayoitumia chimbuko lake ni mwaka 1973. Bunge lina wajibu wa kuifanya iseme waziwazi baiskeli ya umeme ni ipi, nguvu ya mota iishie wapi, mwendo uishie wapi, na yenye kuvuka hapo iwe pikipiki yenye namba, leseni na bima. Mpaka huo usipochorwa mapema, vyombo vya mwendo wa kilomita 60 kwa saa vitaingia kwenye njia ya baiskeli kwa kisingizio cha pedali zisizokanyagwa, na mtoto wa shule atafukuzwa tena.

Shirika la Viwango nalo lisisubiri moto. Jiji la New York lilizika watu waliokufa kwa moto wa betri duni za lithiamu zikichajiwa ndani ya nyumba, ndipo mwaka 2023 likazuia kuuzwa kwa baiskeli za umeme na betri zisizothibitishwa usalama. Nyumba za kupanga za Tandale na Mburahati, chumba kwa chumba chini ya paa moja, haziwezi kujifunza kwa njia hiyo. Betri ikaguliwe kabla haijatoka bandarini, na chaja yake iuzwe pamoja nayo.

Kuhusu bei, Rwanda iliamua mwaka 2021 kuondoa ushuru wa forodha na kodi ya ongezeko la thamani kwa vyombo vya umeme na betri zake. Wizara yetu ya Fedha itueleze inakusudia nini kwa baiskeli, ya umeme na ya kawaida, kwa maneno ambayo muuzaji wa Kariakoo na ofisa wa forodha watayaelewa kwa namna moja. Mwajiri naye ana sehemu yake. Ofisi inayotenga maegesho ya magari 80 na kushindwa kuweka chuma cha kufungia baiskeli 10 imeamua nani anakaribishwa na nani hakaribishwi.

Wapanda baiskeli hatuwaachi. Anayeendesha usiku bila taa wala kiakisi mwanga, anayekatiza taa nyekundu, anayekwenda kinyume na magari kwa madai ya kuyaona vizuri, anahatarisha roho yake na ya mwingine. Kudai njia kunakwenda pamoja na kuitumia kwa utaratibu. Breki za baiskeli ya kubebea mkaa zikaguliwe na mwenye baiskeli kabla hazijakaguliwa na trafiki.

Machi 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kuzitaka nchi wanachama ziingize baiskeli katika usafiri wa umma. Tanzania haihitaji azimio jingine. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na hakuna upanuzi wa barabara utakaowapa wote nafasi ya gari. Njia mpya za mabasi kuelekea Mbagala na Gongo la Mboto zinawapa wenye mamlaka fursa ya kuonyesha kwamba kosa la Barabara ya Morogoro halitarudiwa: njia isikatike kwenye makutano, ambako ndiko hatari kubwa zaidi iko, na kila kituo kikubwa kiwe na mahali salama pa kuacha baiskeli.

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kabla ya tarehe hiyo tunataka kila halmashauri ya Dar es Salaam ibandike kwenye mbao zake za matangazo kifungu cha bajeti ya njia za baiskeli: jina la barabara, idadi ya mita, kiasi cha fedha, na cheo cha ofisa atakayeulizwa mita hizo zikivamiwa.