Usimwite Mtunzi Mchuzi Ukishaiva

Ndugu msomaji, nina ugomvi na waongozaji na watayarishaji wa filamu zetu za Kiswahili. Si ugomvi wa chuki, maana filamu zao nazitazama na nyingine nazipenda. Ugomvi wangu ni wa masikio.

Mama amefiwa na mwanawe katika kijiji cha Ugogo. Analia, na mchezaji anayeigiza kilio hicho anakiigiza vema hata moyo unaanza kulainika. Mara fidla za sinema ya Marekani, zile zile tulizokwisha kuzisikia katika filamu nyingine tatu, zinavuma juu ya sauti yake hata maneno hayasikiki. Na hayo yanatokea Ugogo, nchi ya zeze na marimba, nchi ya watu wanaoimba kwa sauti zilizopangana bila kufundishwa na mtu wa nje! Huo ni muziki wa kuokota, na mara nyingi ni wa kuiba.

Ukiwauliza wenyewe, hawakosi majibu. La kwanza ni fedha. Basi na tuitazame India. Satyajit Ray alipotengeneza Pather Panchali, filamu iliyotoka mwaka 1955, fedha zilimwishia mara kadhaa na kazi ikasimama. Hata hivyo hakwenda kuokota muziki sokoni. Alimwendea Ravi Shankar, ambaye hakupata hata nafasi ya kuitazama filamu nzima, na muziki ukarekodiwa kwa kikao kimoja cha saa kama 11 hivi. Ala zilikuwa chache, na zilikuwa za kwao. Leo filamu ile haitajwi bila muziki wake kutajwa. Umaskini, basi, si udhuru wa kutosha.

Jibu la pili ni kwamba watunzi hatuna. La hasha! Wako waliopita Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na wako waliopita Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi huko Zanzibar. Wako pia vijana wenye chumba kimoja, kompyuta, kinanda na kipaza sauti, wasio na kampuni nyuma yao. Hawa ndio watunzi wa kujitegemea ninaowatetea. Hawaonekani kwa sababu hawatafutwi. Anayetafutwa ni mwimbaji maarufu, ili jina lake liuze filamu. Wimbo wa kuitangaza filamu ni jambo jema, lakini kuimba vizuri ni kazi moja, na kujua mahali ambapo mlango unaofungwa wapaswa kusikika peke yake ni kazi nyingine kabisa.

Siku hizi limezuka jibu la tatu: programu ya akili bandia itatunga kwa dakika moja, tena kwa bei ndogo. Itatunga, sikatai. Lakini kompyuta haijapata kufiwa.

Sasa niseme ninachokiona kuwa kosa kubwa kuliko yote, nalo ni kumwita mtunzi mwishoni. Filamu imekwisha kupigwa, mhariri amekwisha kuishona, na ili kazi isiwe kimya ametia muziki wa watu wengine. Mimi nauita muziki wa kushikizia, kama uzi wa fundi cherehani unaopaswa kufumuliwa baadaye. Mwongozaji anausikia kila siku kwa wiki nne, anauzoea, anaupenda. Ndipo anapomwita mtunzi na kumwambia: nitungie kama huu. Huyo hataki mtunzi, anataka mwigaji.

Hata wakubwa wamenaswa na mtego huo. Stanley Kubrick alimwagiza Alex North atunge muziki wa 2001: A Space Odyssey, kisha akautupa wote na kubaki na ile santuri aliyoizoea. North aliyajua hayo alipokwenda kuitazama filamu ilipozinduliwa mwaka 1968. Utaniambia filamu ile ni kubwa. Ni kubwa kweli. Lakini ukubwa wa filamu haufuti dharau aliyotendewa mtu, na wengi wanaomwiga Kubrick hawana kipaji chake, wana tabia yake tu.

Mwaka huo huo wa 1968 Italia ilitoa mfano ulio bora. Ennio Morricone alitunga muziki wa Once Upon a Time in the West kabla picha hazijapigwa, na Sergio Leone akawa anaupiga mahali pa kazi ili wachezaji watembee na kutazamana kwa mwendo wake. Nazi huingia mchuzi ungali jikoni.

Basi mtunzi achaguliwe vipi? Umaarufu usiwe kipimo, wala urahisi wa bei. Mpe mchezo wa dakika mbili katika filamu yako, usio na muziki wowote, umlipe kwa jaribio hilo, kisha umwulize ni wapi angeanza na ni wapi angenyamaza. Atakayekujazia dakika zote mbili, mwogope. Atakayekuambia, "Hapa mwacheni mama alie," huyo mshike.

Ukishampata, andikeni mkataba: malipo kiasi gani na lini, muziki ni mali ya nani, utatumika sinema, televisheni au intaneti, na jina lake litaonekana wapi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tunayo tangu mwaka 1999, lakini sheria haimsaidii mtu aliyefanya kazi kwa maneno ya mdomo. Tukumbuke yaliyompata Solomon Linda wa Afrika Kusini. Alirekodi Mbube mwaka 1939, akaachia haki zake kwa fedha kidogo mno, akafa maskini mwaka 1962. Wimbo uliotokana na wake ukaja kusikika duniani kote katika filamu ya The Lion King ya mwaka 1994. Watoto wake walilazimika kwenda mahakamani ndipo mwaka 2006 yakapatikana mapatano. Kila mwongozaji anayemwambia kijana "nitungie kwanza, tutaongea filamu ikiuza" anaandaa Linda mwingine.

Ndugu mwongozaji, kamera umeikodi kwa fedha. Gari umelikodi kwa fedha. Hata wali wa wafanyakazi umeulipia. Iweje yule atakayeupa moyo wa filamu yako mapigo yake ndiye pekee unayemwomba akufanyie hisani? Mtafute mapema, mlipe, mwandikie. Kama huwezi hayo, basi iache filamu yako kimya. Kimya ni kitu cha heshima, na hakijaibwa kwa mtu.