Mbwa wa getini si kufuli

Saa nane mchana ya Februari, katika mitaa mingi ya Dar es Salaam, mtu akisimama nje ya geti lililoandikwa "Mbwa mkali" habwekewi. Anachosikia ni pumzi fupi, za haraka, zisizokatika. Nyuma ya nyumba kuna banda la bati lililojengwa kwenye kona iliyobaki baada ya tangi la maji na maegesho ya gari kupata nafasi yake. Mbwa amefungwa mnyororo usiofika kivulini. Maji anayo, kwenye kopo la rangi, ila kopo limekaa juani tangu asubuhi na maji yake sasa yangefaa kumwogesha mtoto mchanga.

Mwenye nyumba si katili. Alimleta mbwa baada ya jirani kuvunjiwa, na kila jioni anahakikisha ugali na dagaa vimefika bandani. Kosa liko kwenye hesabu zake: mbwa amewekwa fungu moja na kufuli, nondo za madirisha na taa ya nje. Kufuli likishafungwa halidai chochote mpaka lishike kutu. Mfugaji wa ng'ombe ana ratiba ya josho, mkulima anajua lini masika itaingia, mvuvi anajua kusi ikivuma ajipangeje. Mwenye mbwa hana kalenda yoyote. Anadai ulinzi mwaka mzima, halafu anamkumbuka daktari wa mifugo siku mbwa anapogoma kula.

Kalenda hiyo ipo, na si ya matajiri.

Kwa mbwa wa pwani, msimu mgumu kuliko yote ni kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Binadamu hutoa jasho mwili mzima. Mbwa hutoa jasho kidogo tu kwenye nyayo. Njia yake kubwa ya kupoza mwili ni kutweta, ili unyevu wa ulimi na koo ukauke na kuondoka na joto. Hewa ya pwani imejaa unyevu tayari, kwa hiyo njia hiyo hufanya kazi kwa shida. Ndiyo maana mbwa anaweza kulemewa zaidi Tanga kuliko Dodoma hata kipimajoto kikisoma sawa. Mwenye pua bapa, mnene, mzee au mwenye manyoya mazito yuko hatarini zaidi.

Joto la kawaida la mbwa ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likivuka 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Dalili hujionyesha mapema kwa anayetazama: ute mzito mdomoni, fizi nyekundu kupita kiasi, kuyumba, kutapika. Huyo si wa kusubiri jioni. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji tumboni, mapajani na kwenye nyayo, apepewe, apewe maji ya kunywa kidogo kidogo, kisha daktari atafutwe. Wanaotembeza mbwa nao wana kipimo cha bure: kiganja kikishindwa kukaa juu ya lami kwa sekunde saba, nyayo za mbwa nazo zitaungua. Matembezi ni alfajiri au baada ya jua kuzama.

Wapo watakaosema pwani ni ya Waislamu, na mambo ya mbwa hayawahusu sana. Ni kweli kwamba mafundisho ya Kishafii yanahesabu mate ya mbwa kuwa najisi, na nyumba nyingi humfuga kwa ulinzi tu, nje. Lakini hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani akamchotea maji mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe dhambi zake, husimuliwa katika madrasa zinazofundisha hayo hayo. Kukaa mbali na mate ya mbwa hakumzuii mtu kusogeza kopo kivulini.

Masika ikiingia, adui hubadilika. Kupe wa kahawia wa mbwa ana tabia ambayo kupe wengi wa ng'ombe hawana: huishi nyumbani. Akishanyonya hushuka, hujificha kwenye ufa wa ukuta au chini ya ubao wa banda, na jike mmoja huweza kutaga maelfu ya mayai. Anayemwogesha mbwa na kuliacha banda amefanya nusu ya kazi. Kupe huyo hubeba erlikia na babesia, vijidudu vya damu vinavyomkondesha mbwa, vikafanya fizi zake ziwe nyeupe na wakati mwingine mkojo wake ufanane na chai ya rangi.

Ukaguzi wake ni wa dakika tano. Vidole vipite ndani ya masikio, chini ya mkanda wa shingo, kwapani, na katikati ya vidole vya miguu, mahali ambapo kupe wadogo hujipanga kama mbegu za ufuta. Aliyeng'ang'ania huvutwa kwa kibanio, karibu kabisa na ngozi, taratibu na moja kwa moja. Asichomwe kwa njiti ya kiberiti. Oili chafu ya gari na mafuta ya taa, dawa za mitaani zinazosifiwa sana, huunguza ngozi, na mbwa akijilamba huwa amekunywa sumu. Hata dawa ya kuogeshea ng'ombe ina kipimo chake. Kipimo cha kukisia kinaweza kumuua mbwa mwenyewe badala ya kupe waliokusudiwa kufa.

Mvua huleta pia panya na madimbwi. Julai 2022, Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza mlipuko mkoani Lindi uliowapata watu 20 na kuua watatu. Ulikuwa homa ya mgunda. Bakteria wake hutoka kwenye mkojo wa wanyama, panya wakiwa wa kwanza, na huishi kwenye maji na tope. Mbwa huupata ugonjwa huo kwa kunywa dimbwi au kukanyaga tope akiwa na kidonda, na anaweza kuusambaza kwa mkojo wake bila kuonyesha dalili. Chanjo yake kwa mbwa ipo.

Kuna jambo jingine la masika ambalo watu hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipoingia Rufiji na katika mitaa ya Nairobi kama Mathare, familia nyingi zilikimbia na kilichokuwa mkononi. Mbwa anajua kuogelea. Aliyefungwa mnyororo hajui. Kwenye eneo la bonde, mnyororo ufunguliwe mawingu yakianza kukaza.

Kipupwe ni cha kupita haraka kwa watu wa pwani, si kwa watu wa Njombe, Lushoto au Limuru, ambako Juni na Julai watoto wa mbwa hufa kwa baridi ya sakafu. Matofali manne chini ya banda na gunia kavu ndani hutosha. Ukame na vumbi huleta funza, wanaoingia nyayo za mbwa kama wanavyoingia vidole vya watoto wanaocheza naye. Desemba ina mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika kama sindano, na fataki za mkesha wa mwaka mpya, zinazomfanya mbwa mtulivu aruke ukuta na asirudi.

Kichaa cha mbwa hakina msimu. Duniani, karibu binadamu wote wanaokufa kwa ugonjwa huo wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona. Aliyeng'atwa aoshe kidonda kwa maji tiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Pemba ina somo lake hapa. Baada ya miaka minne ya kuchanja mbwa, kichaa kilitoweka kisiwani Mei 2014. Mwishoni mwa 2016 kikarudi, kikiwa kimeingizwa kutoka nje ya kisiwa baada ya chanjo kulegea. Chanjo ikarejeshwa, na Oktoba 2018 kikatokomezwa tena. Kinachotakiwa kinajulikana: kuchanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, mwaka hadi mwaka, bila kuruka. Halmashauri nyingi huamka kuelekea Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kisha kimya. Zingetangaza siku ya chanjo ya kata kwa wakati ule ule kila mwaka, msikitini, kanisani na kwa balozi, kama zinavyotangaza chanjo za watoto.

Hoja ya umaskini itatolewa, na ina uzito. Lakini kivuli hakiuzwi, na dozi moja ya mbwa ni nafuu kuliko mfululizo wa sindano anazochomwa mtoto wa jirani aliyeng'atwa. Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008. Anayeweza kulipia nondo na waya wa umeme ukutani hawezi kudai kwamba maji safi ni anasa.

Kuna mtu mwingine ambaye hatajwi kwenye mazungumzo haya. Katika nyumba nyingi za mjini anayemfungua mbwa saa kumi na mbili jioni ni mlinzi. Yeye ndiye huona kupe wa kwanza, husikia pumzi zikibadilika, na hujua kwamba juzi chakula kilibaki. Hana pesa ya dawa na hajaulizwa. Bosi akimwachia kibanio, namba ya simu ya afisa mifugo wa kata na ruhusa ya kulihamishia kopo chini ya mwembe, kazi ya msimu huu itakuwa imeanza leo jioni.