Lishe Bora Ianze na Lengo Linalotekelezeka

Mwalimu au karani anayeishi Chamazi na kufanya kazi katikati ya jiji huondoka nyumbani kabla ya mapambazuko. Hupitia Mbagala Rangi Tatu, akaifuata Barabara ya Kilwa hadi mjini, na jioni hurejea kwa njia hiyo hiyo. Asubuhi hunywa chai na maandazi ya barabarani; usiku hununua chipsi kituoni, kwa kuwa nguvu ya kuwasha jiko imekwisha. Mshahara ukitoka, nyama huliwa siku tatu mfululizo. Mwezi ukielekea ukingoni, hubaki chai na mkate.

Ni dhahiri kwamba mfanyakazi huyo hakukosa elimu. Anajua madhara ya shinikizo la damu na kisukari, na pengine amemwona mwenzake akiacha kazi kwa maradhi hayo. Alichokosa ni lengo linalolingana na saa zake na mfuko wake. Kila Januari huapa kuacha sukari, mafuta na chumvi kwa siku moja, na mwezi haujaisha amerudi alikotoka. Mtaka yote kwa pupa hukosa yote.

Yafaa ikumbukwe kwamba Taifa hili limewahi kulishughulikia jambo hili kwa busara. Baada ya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ilifuata ya Chakula ni Uhai mwaka 1975. Wananchi walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaamua kazi ya kufanya mahali pao. Funzo lake lingali hai: ushauri usioishia katika kazi inayohesabika ni maneno matupu.

Hesabu hiyo yaweza kuanzia kwenye kikombe cha chai. Anayekunywa vikombe vitatu kwa siku, akipunguza kijiko kidogo kimoja kwa kila kikombe, ameokoa vijiko 90 kwa mwezi. Kwa gramu 4 kila kijiko, hizo ni gramu 360. Familia ya watu watano wenye desturi hiyo itaokoa karibu kilo moja na robo tatu. Lengo hilo halidai saa hata moja, na fedha iliyookolewa yaweza kununua mchicha.

Lengo la pili lingoje mwezi wa pili. Maharage yakilowekwa usiku huiva upesi na kula mkaa mchache. Yanajenga mwili kwa bei iliyo chini ya ile ya nyama. Dagaa huliwa pamoja na mifupa yake, na kwa hiyo huupa mwili madini ya chokaa. Dona hubaki na pumba na kiini ambavyo sembe imenyang'anywa. Hakuna kigeni hapo, wala kisichopatikana katika soko la karibu.

Haitakuwa haki kumlaumu mfanyakazi kana kwamba bei za vyakula na urefu wa safari ni makosa yake. Lakini haitafaa pia mzigo wote aachiwe mama wa nyumbani, ambaye mara nyingi naye ni mwajiriwa aliyechoka vilevile. Baba anayeweza kuloweka maharage na kuchambua mboga hajapungukiwa na heshima yoyote.

Hakuna mwalimu anayefundisha muhtasari wa mwaka mzima kwa juma moja, wala mhasibu anayetumia fungu la mwaka kwa siku moja. Utaratibu huo wanaoufuata kazini waupeleke jikoni: lengo moja kwa mwezi, liandikwe, na familia ilikague mshahara unapotoka. Anayewafundisha watoto wa wengine na kuwahudumia wananchi anastahili kufika umri wa kustaafu akiwa mzima.