Kitabu Kizuri Huturudisha Kwenye Biblia



Wapendwa katika Kristo, juma lililopita tulikwenda kumpelekea Komunyo Takatifu mama mmoja mgonjwa katika mojawapo ya Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Kando ya kitanda chake palikuwa na vitabu viwili. Cha chini kilikuwa Biblia, imefunikwa kitambaa cha kufuma, mpya kana kwamba imenunuliwa jana. Cha juu kilikuwa kijitabu cha sala za kufungua vifungo, nacho kurasa zake zilikuwa zimechakaa kwa kufunguliwa. Kijitabu hicho kilimfundisha kwamba ugonjwa wake umetokana na laana ya ukoo, kwamba kumeza dawa ni dalili ya imani haba, na kwamba yupo ndugu wa karibu aliyemfunga. Mama huyo alikuwa ameacha dawa za shinikizo la damu kwa miezi miwili. Alikuwa pia ameacha kuzungumza na dada yake, ambaye ndiye aliyekuwa akimpikia uji kila asubuhi.

Tulimwuliza alikipata wapi. Akajibu kwa upole, "Baba, nilikinunua hapo hapo kanisani, kwenye ile meza ya nje, baada ya Misa."

Jibu hilo limetunyima usingizi. Sheria ya Kanisa, katika kanuni ya 827, inaagiza kwamba vitabu vinavyohusu dini au maadili visionyeshwe, visiuzwe wala kugawiwa katika makanisa yetu pasipo idhini ya mamlaka halali ya Kanisa. Kanuni hiyo tuliisoma seminarini. Tungeweza kujitetea kwamba meza ilikuwa uani na si ndani ya kanisa, lakini utetezi huo hautamponya mtu. Kila Dominika tuliipita meza ile, tukawasalimu wauzaji, na hatukufungua hata kitabu kimoja. Basi kosa ni letu wachungaji kwanza, na hayo tunayoandika leo tunajiandikia sisi wenyewe kabla ya kuwaandikia ninyi.

Wapo watakaosema dawa ni kupiga marufuku. Hatuoni hivyo. Kanisa lilikuwa na Orodha ya vitabu vilivyokatazwa kwa karne nyingi, na mwaka 1966, chini ya Papa Paulo VI, orodha hiyo ilikoma kuwa sheria. Wajibu ulibaki juu ya dhamiri ya kila mwamini. Lakini dhamiri isiyolishwa haiwezi kupambanua, kama vile ulimi usiowahi kuonja asali hauwezi kujua ipi imechanganywa na sukari. Mwenye kuizoea Biblia hutambua upesi sauti isiyo ya Bwana. Asiyeizoea huchukua kila kitabu chenye picha ya msalaba kwenye jalada.

Tuchukue kijitabu kile kile. Kilinukuu Kutoka 20:5, mahali panapotaja maovu ya baba na watoto wao, kikaishia hapo. Mstari unaofuata, ambao kilituficha, unanena juu ya rehema ya Mungu kwa maelfu ya wampendao. Kilinyamaza kuhusu Ezekieli sura ya 18, ambapo Mungu anakataa kwamba mwana atabeba uovu wa baba yake. Kilinyamaza kuhusu Yohane sura ya 9, ambapo wanafunzi walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi hata mtu azaliwe kipofu, naye Bwana akawakana wote, yule mtu na wazazi wake. Na juu ya dawa, Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatuagiza kumheshimu tabibu, kutozidharau dawa ambazo Mungu amezitoa katika ardhi, kusali tunapougua na kisha kumpa tabibu nafasi yake. Kitabu hicho cha Sira kimo katika Biblia yetu yenye vitabu 73, ingawa hakimo katika zile zenye 66. Majibu yote yalikuwa kitandani pale, chini ya kitambaa.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola alijifunza upambanuzi kwa njia ya vitabu. Mwaka 1521 alijeruhiwa mguu vitani huko Pamplona, Hispania. Akiwa amelala nyumbani, aliomba hadithi za mashujaa na mapambano. Hazikupatikana, akapewa Maisha ya Kristo na habari za watakatifu. Akaanza kuona jambo. Mawazo ya fahari ya dunia yalimfurahisha kwa muda, kisha yakamwacha mkavu. Mawazo ya kuwafuata watakatifu yalimwacha na furaha hata baada ya kupita. Hivyo tusiangalie tu jinsi kitabu kinavyotusisimua tunapokisoma. Tuangalie kinatuacha wapi tunapokifunga.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, tuulize mambo matatu. Kwanza, nani amekiandika, na je, kina idhini ya Kanisa? Tutafute maneno ya Kilatini *Nihil obstat*, yaani hakuna kizuizi, na *Imprimatur*, yaani kichapwe. Hayamaanishi kwamba Askofu anakubaliana na kila sentensi, bali kwamba kitabu hakina kosa la mafundisho. Pili, je, mistari kinayonukuu inasema hivyo kweli? Tuifungue, tusome iliyotangulia na inayofuata. Waberoya waliyachunguza Maandiko kila siku ili kuhakikisha maneno ya Mtume Paulo mwenyewe, nao wakasifiwa. Mwandishi gani wa leo ataona haya kuchunguzwa? Tatu, baada ya kukisoma, tunampenda nani zaidi na tunamwogopa nani? Kitabu kinachotufanya tumwogope dada yetu hakijatoka kwa Roho Mtakatifu.

Tangu Dominika ijayo, meza ile haitaweka kitabu ambacho hakijapitiwa na sisi pamoja na makatekista. Lakini ulinzi huo ni mdogo. Ulinzi mkubwa ni dakika kumi na tano za Injili ya siku katika kila nyumba, kabla ya kitabu kingine chochote.

Mama yetu amerudia dawa zake. Dada yake hakuacha kupika uji hata siku moja. Mazungumzo ndiyo yanayorejea polepole. Tuliporudi kumtembelea, kitambaa kilikuwa kimekunjwa pembeni, na Biblia ilikuwa wazi kwenye kitabu cha Sira.

Mungu awabariki nyote.