Wito Si Kinga

Iko itikadi iliyoota mizizi katika hospitali zetu, na katika kila nyumba inayopokea wenye madhila, kwamba mja aliyejaaliwa wito wa kuhudumia hujaaliwa pamoja nao moyo usiodhurika, na kwamba muuguzi ashtukaye usingizini kwa vilio alivyovisikia wodini, au aanzaye kuwakaripia wagonjwa aliokuwa akiwabembeleza, hakuwa na wito tangu awali. “Atazoea,” husema matroni. Na asipozoea, husengenywa.

Kauli hiyo ni dhuluma, tena ni uongo. Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia aliyejitolea usiku katika zahanati ya bure mjini New York baada ya kazi zake za mchana, aliandika mwaka 1974 juu ya kuteketea kwa watumishi wa namna yake, na aliowaona kuwa karibu zaidi na hatari hiyo hawakuwa wavivu, bali wenye ikhlasi. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani walikiri katika mwongozo wao kwamba nafsi yaweza kujeruhiwa kwa kukabiliwa kazini, mara kwa mara, na misiba ya wengine, wakitaja kwa mfano waokotao mabaki ya maiti. Nani, basi, atathubutu kuwapima wito waliofukua kifusi cha Nairobi baada ya bomu la 7 Agosti 1998?

Na huko kuzoea kunakosifiwa ni kitu gani? Aghalabu ni ganzi. Mkunga ampigaye kofi mama mwenye uchungu, jambo ambalo wake zetu wamelilalamikia miaka na miaka, mara nyingi ndiye huyo aliyekwisha kuzoea. Simtetei; nasema tu kwamba ukatili wake tuliusomesha wenyewe, tukauita ukomavu.

Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2019 kuwa uchovu huo wa kuteketea ni zao la mashaka ya kazini yasiyodhibitiwa, wala halikuuhesabu kuwa maradhi. Ikiwa hivyo, dawa yake haimo katika semina ya siku moja yenye chai na sambusa, ambamo aliyechoka hufundishwa kuvuta pumzi kisha akarejeshwa kwenye wodi ile ile yenye muuguzi mmoja. Aliyepokea majeruhi wa basi usiku kucha asiongezewe zamu ya asubuhi. Na asikilizaye watoto walionajisiwa apewe naye msikilizaji kila juma, ndani ya saa za kazi, bila ya maneno yake kuingia katika faili la mwajiri.