Visanduku vya 4K Vije, Ila Viulize Bando Kwanza

Septemba 2015, jijini San Francisco, Apple ilizindua iPhone 6s, simu inayorekodi video za 4K. Kwenye hafla hiyo hiyo ikatoa Apple TV mpya, kisanduku cha kuchomeka kwenye televisheni, ambacho kiliishia 1080p. Yaani video iliyopigwa na simu ya kampuni, kisanduku cha kampuni hakikuweza kuionyesha kwa ubora wake wote. Roku na Amazon walitoa vyao vya 4K mwaka huo huo. Wateja wa Apple walisubiri hadi 2017.

Kubana huko hakukuwa na sababu ya kumridhisha mnunuzi. Televisheni hukaa sebuleni miaka mingi, na aliyejikakamua kununua ya 4K hastahili kukwamishwa na kidude cha pembeni. Kwa hiyo visanduku viwe na uwezo huo, tena vile vya bei nafuu.

Uwezo ni jambo moja, kuutumia kila saa ni jingine. Mwenye macho mazima aliyeketi mita mbili na nusu kutoka kwenye televisheni ya inchi 55 tayari havioni vitone vinavyounda picha ya 1080p kimoja kimoja, sembuse tofauti yake na 4K. Ya inchi 32, ndiyo kabisa. Isitoshe, wingi wa vitone si ubora wote. Machi 2020, watu walipojifungia kwa sababu ya korona, Netflix ilipunguza kwa asilimia 25 mzigo wake kwenye mitandao ya Ulaya bila kumwondolea mteja 4K aliyoilipia. Vitone vilibaki vilevile. Kilichopungua ni data inayovibeba.

Na data ndiyo inayouma. Kwa hesabu ya Netflix yenyewe, saa moja ya 4K hula hadi GB 7, ya HD hadi GB 3. Filamu ya saa mbili, GB 14: kwa anayeishi kwa bando la wiki, hapo hakuna tena cha kuangalia.

Netflix inao mpangilio wa kubana matumizi hadi GB 0.3 kwa saa, lakini umefichwa kwenye ukurasa wa akaunti, ambako wengi hawafiki. Kisanduku kinachoomba nenosiri la Wi-Fi siku ya kwanza kinashindwaje kuuliza, papo hapo, mwenye nyumba ana GB ngapi?