Nyumba Kando ya Ziwa: Ni Nani Alipe Gharama ya Maji?



Katika miaka ya 2020 na 2021, na tena mwaka 2024, maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda kwa kiasi ambacho vijana wetu hawakuwahi kukiona. Yaliingia katika mialo ya Kibirizi na Katonga, yakafunika sehemu za kuanikia dagaa, yakafikia kuta za nyumba za watu. Majirani zetu wa Bujumbura na Gatumba nchini Burundi, na wale wa Uvira na Kalemie nchini Kongo, walipatwa na msiba huohuo. Mwezi Aprili 2024 Serikali ya Burundi ililazimika kuomba msaada wa mataifa.

Yapo mengi yaliyokwisha kusemwa juu ya mvua na juu ya mabadiliko ya tabianchi. Katika kijarida hiki tunapenda kutafakari jambo moja ambalo halijasemwa vya kutosha, nalo ni gharama. Nyumba iliyopo mahali ambapo maji hufika ina gharama yake, na gharama hiyo ni lazima ilipwe na mtu fulani. Swali la haki ni hili: ni nani anayeilipa kwa sasa, na je, ni yeye anayepaswa kuilipa peke yake?

Ziwa halikuanza kupanda leo

Wako wanaosema kwamba tukio hili halikuweza kutazamiwa. Hatukubaliani nao. Mwaka 1876 H. M. Stanley alirejea Ujiji, miaka mitano baada ya kukutana hapo na Livingstone. Aliandika kwamba miti mitatu iliyokuwa imesimama sokoni mwaka 1871 sasa ilikuwa ndani ya ziwa, yapata mita 30 kutoka ufukoni. Mto Lukuga, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka ziwani kuelekea Mto Kongo, ulikuwa umezibwa na udongo na majani. Kizuizi hicho kilipovunjika karibu na mwaka 1878, ziwa lilianza kushuka, na kufikia miaka ya 1890 lilikuwa limepungua kwa takribani mita kumi. Ndiyo sababu leo ukumbusho wa Livingstone pale Ujiji upo mbali na maji.

Lilipanda tena baada ya mvua kubwa za mwaka 1961 na kuendelea, likafikia kilele chake mwaka 1964. Wazee wetu wanaukumbuka wakati huo. Kisha, kufikia katikati ya miaka ya 2000, lilishuka sana. Hofu ya wataalamu wakati ule ilikuwa ziwa kupungua, siyo kufurika. Fukwe pana zilionekana, na ardhi iliyoonekana ikapata wenyewe. Viwanja vikakatwa, vikauzwa, nyumba zikainuka.

Mfano wa nyumba iliyojengwa juu ya mchanga tunaufahamu sote. Mara nyingi tunausoma ili kumlaumu aliyejenga. Yafaa tuulize pia ni nani aliyemuuzia kiwanja, na ni nani aliyetia sahihi ya ushahidi siku ya mauziano.

Gharama ya nyumba si matofali na mabati tu

Kwa mvuvi, au kwa mama anayeanika dagaa, nyumba ndiyo akiba yake. Hana fedha benki. Kila msimu mzuri wa dagaa umegeuka kuwa matofali ya kuchoma, na kila msimu wa migebuka umegeuka kuwa bati kadhaa. Akishamaliza kujenga, bado anaendelea kulipa. Aliyepimiwa kiwanja hulipa kodi ya pango la ardhi. Mwenye umeme hulipa kodi ya jengo kupitia LUKU: tangu Julai 2021 ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikaongezwa kuwa shilingi 1,500 mwaka 2023. Juu ya hayo kuna ukarabati wa kila mwaka, kwa kuwa unyevu wa ziwa hula ukuta kutoka chini.

Siku maji yanapoingia, mtu huyu hupoteza makazi, akiba na dhamana ya mkopo kwa wakati mmoja. Kama alikopa katika SACCOS au katika kikundi cha VICOBA, deni halikuzama pamoja na nyumba. Atahamia kwa ndugu yake Mwanga au Gungu, atapanga chumba, huku akilipa deni la nyumba ambayo samaki wanaogelea ndani yake. Hiyo ndiyo gharama ya maji. Kwa sasa mwenye nyumba huilipa yote peke yake, na huilipa wakati ambapo uwezo wake wa kulipa ndio umekwisha.

Kwa nini bima haifiki mwaloni

Msomaji atauliza: je, dawa yake si bima? Nchini kwetu biashara ya bima ilikuwa mikononi mwa Shirika la Bima la Taifa peke yake hadi miaka ya 1990 ilipofunguliwa kwa makampuni mengine, na leo inasimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Bima ya nyumba ipo. Lakini kwa kawaida mteja wake ni mwenye hati aliyekopa benki, maana benki ndiyo inayomtaka aikate. Nyumba ya udongo iliyojengwa kwenye kiwanja kisichopimwa haimo katika hesabu hiyo.

Hata hivyo, umaskini siyo sababu pekee. Tuseme nyumba 100, kila moja ya thamani ya shilingi milioni 10, zinaunda mfuko wa kukinga moto. Kama kila mwaka inaungua moja, basi kila mwenye nyumba akichanga shilingi 100,000 mfuko unapata milioni 10, na aliyeunguliwa anajengewa. Hii ndiyo siri ya bima: msiba wa mmoja hubebwa na wengi ambao hawakupatwa. Sasa tuseme nyumba hizo 100 zote zipo mwaloni. Ziwa likipanda, haliingii katika nyumba moja, bali katika zote mwaka uleule. Mfuko una milioni 10. Hasara ni shilingi bilioni moja. Hakuna aliyesalia wa kumbeba mwenzake.

Jambo hili twaweza kulielewa vizuri kwa sababu vyama vya kufa na kuzikana tunavyo katika kila mtaa. Vinasimama kwa kuwa hatufi wote siku moja. Lakini chama cha namna hiyo, kikiwa cha watu wa mwalo mmoja, hakiwezi kuwa ngao dhidi ya ziwa. Viongozi wa jumuiya wasiwape watu tumaini ambalo hesabu haiwezi kulitimiza.

Tena tusidhani kwamba nchi tajiri zimelimaliza tatizo hili. Huko Florida, Marekani, kimbunga kilichoitwa Andrew mwaka 1992 kilifilisi makampuni kadhaa ya bima. Mengine yalipandisha ada au yakajiondoa, hata mwaka 2002 serikali ya jimbo hilo ikaunda shirika lake la kuwakatia bima wale waliokataliwa na wengine. Watu wa huko hulalamika kwamba ada ya bima imekuwa mzigo mkubwa kuliko uwezo wao. Malalamiko yao ni ya kweli. Lakini ada hiyo, pamoja na ukali wake, inamwambia mnunuzi kabla hajajenga kwamba mahali hapa pana hatari. Kwetu hakuna ada, na hivyo hakuna anayemwambia mnunuzi lolote. Kiwanja cha ufukweni huonekana rahisi siku ya kununua, na ughali wake hujulikana siku ya kuhama.

Mita 60 kutoka wapi?

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa, mto au bwawa. Sheria hii ni njema kwa kusudi lake. Ugumu wake kwetu ni kwamba ukingo wa Tanganyika hauketi mahali pamoja. Aliyejenga wakati maji yako chini, akiwa mita 100 kutoka ufukoni, aweza leo kujikuta yu ndani ya mita 60 bila kusogeza tofali hata moja. Jana alikuwa raia mwema anayelipa kodi. Leo anaitwa mvamizi wa hifadhi ya ziwa.

Hapa twaomba ubaguzi wa hali uzingatiwe. Zipo familia za Ujiji na za vijiji vya mwambao zilizokaa mahali pao kabla sheria hiyo haijatungwa. Wapo walionunua kwa nia njema, mbele ya kiongozi wa mtaa. Na wapo walionunua wakijua, wakitegemea kwamba fedha itanyamazisha sheria. Si haki kuwatendea watu hawa kana kwamba ni kundi moja. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inalinda haki ya kumiliki mali, na inakataza mtu kunyang'anywa mali yake bila fidia inayostahili.

Tunafahamu hoja ya upande wa pili. Wapo viongozi wanaosema kwamba ardhi iliyo salama ni haba kati ya vilima na ziwa, na kwamba kusogeza mpaka juu zaidi kutapunguza thamani ya viwanja vingi. Kuhusu uhaba wa ardhi wanasema kweli. Kuhusu thamani, twajibu kwamba thamani inayosimama juu ya kutojua kwa mnunuzi si thamani ya haki, na atakayeumia ni yule wa mwisho kununua.

Tunapendekeza

Kwanza, mpaka wa ziwa upimwe kutoka kiwango cha juu cha maji kinachojulikana, siyo kutoka mahali maji yalipo siku ya kupima. Kina cha ziwa kimepimwa kwa miongo mingi hapa Kigoma, kumbukumbu zipo. Mpaka huo uwekewe alama za mawe ambazo hata asiyejua kusoma ataziona, na viongozi wa mitaa wakatazwe kushuhudia mauziano yoyote yaliyo chini yake.

Pili, wanaohamishwa wapewe viwanja vilivyopimwa mahali pa juu, na waachiwe njia na nafasi ya kazi yao ufukweni. Mvuvi aweza kulala mlimani. Mtumbwi wake hauwezi. Kumhamishia mbali na maji bila kumwachia mwalo ni kumwondolea mafuriko na kumletea njaa.

Tatu, hatari isambazwe kwa watu wengi zaidi ya wale wa mwambao. Mwaka 2023 makampuni ya bima nchini yaliungana ili kubeba kwa pamoja bima ya kilimo, ambayo kampuni moja ingeogopa kuibeba. Twauliza: kwa nini njia kama hiyo isifikiriwe kwa nyumba za watu wadogo? Maji ya Kigoma, Kimbunga Hidaya kilichofika pwani yetu mwezi Mei 2024, na moto wa mijini havitokei vyote mahali pamoja. Mfuko wa taifa zima waweza kusimama pale ambapo mfuko wa mwalo huanguka. Lakini mfuko huo usimlipe mtu ili ajenge tena palepale. Umlipe ili ajenge juu.

Nne, vyama vya akiba na mikopo viangalie mahali nyumba ilipo kabla ya kuipokea kama dhamana, na viweke katika kanuni zao namna ya kuahirisha deni la mwanachama aliyepatwa na maafa.

Tano, kamati za maafa zinazotajwa na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ziwe hai katika kata na vijiji, siyo majina kwenye karatasi. Walei wetu wasingoje kuitwa. Wadai kujua ni nani wajumbe na wamekutana lini.

Maswali ya kujadili katika jumuiya

1. Katika mtaa wetu, ni nyumba zipi zilizofikiwa na maji tangu mwaka 2020, na wenyewe wanaishi wapi sasa?

2. Wazee wanakumbuka maji yalifika wapi mwaka 1964? Je, mahali hapo pamejengwa?

3. Ni nani miongoni mwetu anayelipa deni la nyumba ambayo haipo tena, na jumuiya imemsaidia nini?

4. Je, tumewahi kushuhudia, kwa sahihi au kwa kunyamaza, mauziano ya kiwanja tulichojua kuwa kitafurika?

Majibu yaandikwe na yafikishwe kwa mtendaji wa kata na kwa diwani, pamoja na majina ya waliotayari kwenda kuyaeleza. Maji yanaposhuka, wanunuzi hurudi ufukweni upesi. Kazi hii yafaa ifanyike kabla yao.